Kabla hujamwaga dawa ya kuzibulia sinki, fikiria mkono wa fundi atakayefungua bomba

FundiMikindani

Assalaam aleikum na habari za jioni, ndugu zangu wa Mtwara, Lindi na kwingineko.

Mimi ni fundi bomba. Nimeifanya kazi hii kwa miaka 19, zaidi Mikindani na Mtwara mjini, na mara mojamoja Lindi ninapoitwa. Leo ninaandika kwa mkono mmoja kwa sababu kiganja cha pili kimefungwa bandeji, na kilichosababisha bandeji hiyo ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu.

Wiki iliyopita niliitwa kwenye nyumba ya kupanga ambako sinki la jikoni lilikuwa limeziba kabisa, maji yamesimama hadi katikati. Niliyateka kwa kikombe, nikaweka ndoo chini, nikaanza kulegeza nati ya ile kona ya bomba iliyopinda chini ya sinki, ambayo sisi mafundi tunaiita trapu. Maji yaliyobaki humo yakanimwagikia kiganjani. Yalikuwa na utelezi, nami nikadhani ni sabuni ya kuoshea vyombo, nikaendelea na kazi kwa dakika mbili tatu kabla mkono haujaanza kuwaka. Utelezi ule ulikuwa ni mafuta ya ngozi yangu mwenyewe yakigeuka sabuni. Kumbe ndani ya trapu kulikuwa na kostiki soda iliyomwagwa usiku, na asubuhi mtu mwingine wa nyumba hiyohiyo, asijue habari za usiku, alikuwa ameongeza dawa ya chupa nyingine. Hakuna aliyeniambia. Sidhani walinificha. Waliona dawa haikufanya kazi, na kitu ambacho hakikufanya kazi watu hukihesabu kuwa hakipo.

Naomba tulitazame jambo hilo vizuri. Dawa iliyozibua bomba imekwisha kwenda zake na maji. Ile iliyoshindwa kuzibua ndiyo iliyobaki, imekaa juu ya uchafu ikiwa bado kali, inamngoja yeyote atakayeingiza mkono, atakayepampu kwa mpira wa kuzibulia au atakayefungua nati. Mteja akishamwaga dawa kisha akampigia fundi simu, anakuwa amemtegea mtego bila kukusudia.

Dawa zinazouzwa madukani kwetu ni za namna tatu, ingawa wauzaji huziita zote kwa jina moja la dawa ya sinki. Ya kwanza ni kostiki soda, ambayo huja kama chengachenga nyeupe au maji mazito. Ya pili ni asidi, hasa asidi ya salfuriki, na wapo wanaotumia maji ya betri kwa kazi hiyo, jambo ambalo nimelikuta kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Ya tatu ni jiki, ambayo haizibui kitu cha maana lakini watu huimwaga kwa matumaini. Kila moja ina hatari yake, na zikikutana mbili ndani ya bomba moja hatari hiyo hubadilika ikawa ya aina nyingine kabisa. Hapo nitamwachia mwenye elimu ya kemia aeleze, maana ninajua matokeo yake kuliko ninavyojua sababu zake.

Jambo jingine ni bomba lenyewe. Mabomba mengi ya maji taka tunayofunga siku hizi ni ya plastiki ya PVC, na hayakutengenezwa kubeba kitu chenye joto la zaidi ya nyuzi 60 hivi kwa muda mrefu. Kostiki soda ikiingia kwenye maji hutoa joto lake yenyewe bila moto wowote, kiasi cha kuweza kuyachemsha maji machache yaliyomo kwenye trapu. Nimewahi kutoa trapu zilizopinda kama mshumaa uliowekwa juani, na viungio vilivyoachia gundi. Katika nyumba za zamani zenye mabomba ya chuma mambo ni kinyume chake: kostiki haiyasumbui sana, lakini asidi huyala kutokea ndani, nawe hujui hadi siku ukuta unapoanza kulowa.

Sisemi kwamba dawa hizi hazifanyi kazi kamwe. Kostiki soda huyeyusha nywele na hugeuza mafuta kuwa sabuni, kwa hiyo bomba la bafuni lililobanwa na nywele huweza kufunguka. Lakini tujiulize ni nini hasa kinachoziba masinki yetu huku Kusini. Mimi ninayefungua trapu kila wiki ninakuta machicha ya nazi, mchanga, magamba ya samaki, ukoko wa wali, na mafuta yaliyoganda yakivishika vyote hivyo pamoja. Mchanga hauyeyuki kwa kostiki. Machicha nayo yana nyuzi ambazo zinaweza kulala humo usiku kucha zikaamka vilevile.

Ombi langu ni moja: ukiwa umemwaga chochote, mwambie fundi kabla hajafungua begi lake. Na kama hujamwaga bado, tuulizane hapa njia nyingine.

MpangajiLigula

Pole sana fundi, Mungu akuponye mkono. Hata hivyo naomba nitofautiane nawe kidogo kwa heshima. Nimetumia dawa ya chengachenga kwa miaka mitano katika nyumba ninayoishi, na sijawahi kuungua wala bomba halijawahi kupinda. Nusu kikombe, maji ya moto, nasubiri saa moja, kazi imekwisha. Gharama ya dawa ni ndogo sana kuliko ya kumwita fundi. Nadhani tatizo ni watu kutofuata maelekezo, si dawa yenyewe.

Nikiri pia kwamba tangu mwezi wa sita sinki langu limekuwa likiziba kila baada ya wiki mbili, ambapo zamani lilikuwa mara moja kwa mwaka. Labda dawa za siku hizi zimechakachuliwa.

MwalimuKemiaLindi

Pole fundi. Nami nimesoma hoja ya ndugu yetu wa Ligula, na ningependa kuijibu kwa sababu ndani yake mna swali zuri kuliko yeye mwenyewe anavyodhani.

Mwezi wa sita ni wakati wa kusi, ule upepo wa baridi wa kutoka kusini. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kila aliyekulia pwani ameona chupa ya mafuta ya nazi ikiwa nyeupe asubuhi za Juni na Julai, hata mtu akalazimika kuianika juani ndipo apate ya kujipaka. Kinachotokea ndani ya chupa ndicho kinachotokea ndani ya bomba. Mabaki ya tui na mafuta ya samaki wa kukaanga, ambayo mwezi Januari yangeteleza hadi shimoni, mwezi Julai hushika kwenye kuta za bomba usiku, na machicha yanayopita asubuhi hunasa hapo. Dawa haijachakachuliwa. Hali ya hewa ndiyo imebadilika.

Kuna na jambo la pili. Kostiki soda ikikutana na mafuta hutengeneza sabuni, kama fundi alivyosema. Mahali pengi pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake huwa magumu, yaani yamebeba chokaa. Sabuni ikikutana na chokaa hutoa utando mweupe usioyeyuka, uleule unaouona kwenye ndoo ya kufulia. Kwa hiyo anayetumia maji ya kisima anaweza kuondoa mafuta leo kwa kostiki na kuacha nyuma yake ganda gumu zaidi, ambalo wiki mbili baadaye linakuwa pahali pazuri pa mafuta mapya kushikilia. Zaidi ya hapo, chengachenga zikimwagwa nyingi kwa maji machache huweza kushikamana zikawa kama jiwe ndani ya trapu, na jiwe hilo halina dawa isipokuwa kukata bomba.

Kuhusu maji ya moto juu ya kostiki, naomba ndugu yangu uache leo hii. Kostiki hutoa joto hata kwenye maji ya baridi. Ukiongeza ya moto, mchanganyiko unaweza kuruka kutoka kwenye tundu na kukufikia usoni. Ikiwa sinkini kuna sufuria au kifuniko cha alumini, kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto kwa urahisi. Baadhi ya watengenezaji huchanganya vipande vidogo vya alumini makusudi ndani ya chengachenga ili joto na mapovu yasaidie kusukuma uchafu, kwa hiyo ile sauti ya kuchemka inayowapendeza watu ndiyo hiyo.

Sasa nije kwenye kuchanganya dawa, ambalo fundi ameniachia. Jiki ikikutana na asidi, iwe ya kusafishia choo au ya betri, hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo hukaa chini, kwenye kimo cha mtoto anayecheza sakafuni. Ndiyo gesi iliyotumiwa kama silaha karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Kwa kiasi kidogo hukohoza na kutoa machozi, na kwa kiasi kikubwa huyajaza mapafu maji. Jiki ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine iitwayo kloramini, na msisahau kwamba mkojo uliokaa una amonia, kwa hiyo choo kisichomwagiwa maji kinatosha kabisa kuanzisha jambo hilo. Kostiki na asidi zikikutana hazitoi gesi ya namna hiyo, lakini huchemka kwa nguvu na kuruka.

Anayeisikia harufu kali ya kukaba baada ya kumwaga dawa ya pili atoke nje mara moja, wala asirudi ndani kuokoa ndoo.

MamaLisheChuno

Shikamooni wakubwa, nanyi wengine nawasalimu. Mimi ninapika chakula cha kuuza na kila siku ninakuna nazi si chini ya kumi. Mwalimu amenifungua macho kuhusu kusi, kwa maana kila Julai ninagombana na binti anayeosha vyombo, nikidhani anamwaga uchafu makusudi, kumbe nilimwonea.

Swali langu kwa fundi: nisipotumia dawa nifanye nini? Na ni kweli kwamba baking soda na siki vinazibua? Nimeona watu wakionyesha kwenye simu, mapovu yanajaa sinki zima.

FundiMikindani

Marahaba, mama, nami nakusalimu. Nianze na swali la mwisho kwa sababu ni jepesi. Mapovu hayo ni gesi ileile iliyomo kwenye soda ya kunywa, na nguvu yake huishia juu, kwenye hewa. Vitu hivyo viwili hufutana, na kinachobaki ni kama maji ya chumvi tu. Havina madhara kwa bomba, na harufu vinaweza kupunguza, lakini sijawahi kuona machicha yakiondoka kwa mapovu. Baking soda na kitambaa ni vizuri kwa kusugulia sinki. Siki iweke kwenye kachumbari.

Sasa njia zenyewe. Kwanza angalia ni wapi pameziba. Ukimwaga maji bafuni na choo kikagugumia, au sinki na bafu vyote vimegoma siku moja, basi tatizo haliko kwenye sinki. Liko kwenye chemba ya nje au kwenye karo, yaani shimo la maji taka, na hakuna dawa ya chupa itakayofika huko ikiwa na nguvu. Ikiwa ni sinki peke yake, uchafu mara nyingi uko ndani ya mita moja kutoka mkono wako.

Kwa mafuta yaliyoganda ambayo bado yanapitisha maji polepole, tumia maji ya moto na sabuni ya maji, lakini yasiwe yanayochemka. Mimi huchanganya nusu ya maji yaliyochemka na nusu ya maji ya bomba, na kwa hali yetu ya hewa hutoka karibu na nyuzi 60, joto ambalo PVC inalistahimili kwa muda mfupi na mafuta ya nazi hayawezi kulishinda. Mwaga lita tano hivi kwa mara moja, si kwa kikombe kikombe, maana uzito wa maji nao unasukuma. Kwenye bakuli la choo usimwage maji ya moto hata kidogo, kwa sababu lile ni udongo wa kuchomwa na huweza kupasuka.

Maji yakiwa yamesimama kabisa, tumia ule mpira wenye mpini wa mti. Watu wengi huununua kisha wakaukatia tamaa kwa kuwa wanautumia vibaya. Sinki liwe na maji ya kutosha kuufunika mpira, kwa maana hewa inabonyea lakini maji hayabonyei. Ziba kwa kitambaa kilicholowa lile tundu dogo la juu la kupitishia maji yanayozidi, na kama sinki lina mabakuli mawili, ziba pia tundu la bakuli la pili, la sivyo nguvu yote itatokea huko. Kisha sukuma taratibu na uvute kwa nguvu, mara 15 hadi 20 bila kuuachia mpira. Mvuto ndio unaozibua. Msukumo mara nyingi huubana uchafu zaidi. Ila kama dawa imeshamwagwa humo, mpira usiguswe, kwa sababu utajirushia dawa machoni.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo wateja wangu wengi wangeweza kuifanya wenyewe wakaniacha nipumzike: kufungua trapu. Weka ndoo, legeza nati mbili za plastiki kwa mkono, ishushe ile kona, mwaga kilichomo, sugua kwa brashi ya chupa, rudisha. Angalia mpira mwembamba wa duara uliomo ndani ya nati usipotee na ukae kama ulivyokuwa, maana ukikaa upande maji yatadondoka kesho yake. Dakika 15 zinatosha. Usioshee trapu kwenye sinki hilohilo, kama alivyofanya mtu mmoja nisiyetaka kumtaja, ambaye ni mimi katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi.

Ukikuta trapu ni safi, uchafu uko mbele. Hapo unatumika waya wa kuzibulia, ule wa springi wenye mpini wa kuzungushia. Uingize taratibu, ukigonga kitu zungusha, usisukume kwa hasira, kwa sababu kwenye kona za PVC waya unaweza kutoboa.

Kwako wewe mama unayekuna nazi kumi kwa siku, ningekushauri zaidi ya hayo ununue kichujio cha waya cha kuweka juu ya tundu, na machicha yote yaende kwenye ndoo ya kuku. Sufuria ya mafuta ifutwe kwa karatasi kabla haijafika majini. Ukipata nafasi ya kujenga, nitakufungia kisanduku cha kunasia mafuta kabla ya karo: maji huingia upande mmoja, mafuta huelea juu, maji safi kidogo hutokea chini upande wa pili, nawe unaondoa mafuta yale kwa upawa kila wiki. Hata London kwenye mifereji mikubwa ya matofali mafuta yaliwashinda. Mwaka 2017 walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel donge la mafuta na vitambaa lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na waliliondoa kwa majembe na mitambo ya maji.

SabuniMasasi

Ninatengeneza sabuni za miche kwa miaka mingi, na kostiki soda ni mali yangu ya kila siku. Naomba niseme neno kwa wanaoiuza na wanaoinunua kwa kupimiwa. Kwenye kazi yetu tunafundishwa kwamba kostiki huwekwa kwenye maji, na maji hayawekwi kwenye kostiki, kwa sababu ukikosea mpangilio huo hulipuka na kukurukia. Tunavaa glavu za mpira na miwani. Anayekwenda kuzibua sinki hununua robo kilo kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi, akaibeba pamoja na sukari na chumvi ndani ya kikapu kimoja. Nyeupe kwa nyeupe kwa nyeupe. Mimi sasa nimekataa kumuuzia mtu asiye mtengeneza sabuni.

Mkono wa fundi nao umenikumbusha kitu. Akina mama wanaobangua korosho hujipaka majivu au mafuta mikononi ili utomvu wa ganda usiwaunguze. Je, na kwa kostiki mtu hawezi kujipaka mafuta kabla?

MuuguziKusini

Ninaomba swali hilo nilijibu mimi, kwa sababu ni mazoea yanayoweza kumponza mtu. Mafuta hayazuii kostiki. Kostiki huyageuza sabuni na kupita. Glavu za mpira ndizo zinazofaa, zile ndefu.

Kuna tofauti kubwa kati ya kuungua kwa asidi na kuungua kwa kostiki. Asidi hugandisha nyama ya juu, na ganda hilo kwa kiasi fulani huizuia isizame zaidi. Kostiki huyeyusha, na inaendelea kuzama muda mrefu baada ya mtu kudhani imekwisha, huku maumivu ya mwanzo yakiwa madogo. Ndiyo maana fundi aliendelea kufanya kazi dakika kadhaa. Kwenye jicho kuchelewa huko kunaweza kumpofusha mtu.

Huduma ya kwanza ni maji, mengi, mara moja. Kama ni chengachenga kavu, zikung'utwe kwanza kwa kitambaa kikavu ndipo maji yafuate. Vua nguo, pete na saa vilivyolowa. Ngozi ioshwe kwa maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20. Jicho lioshwe kwa dakika 30 huku kope zikishikiliwa wazi, kichwa kimeinamishwa upande ili maji yatoke upande wa pua kwenda nje na yasiingie kwenye jicho la pili lisilodhurika, kisha mgonjwa afikishwe hospitali hata kama anasema amepona. Usipake limau wala siki kwa nia ya kuizima kostiki, kwani kuzimana kwao hutoa joto juu ya jeraha. Dawa ya meno, asali na mafuta ya nazi navyo visitumike.

Akimeza, hasa mtoto, asitapishwe kabisa, kwa sababu kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda. Asukutuliwe mdomo, asilazimishwe kunywa maziwa, mafuta wala mkaa uliosagwa, apelekwe hospitali pamoja na chupa au mfuko wenyewe ili daktari ajue ni nini. Kovu la kostiki kwenye koo la chakula hujikunja wiki kadhaa baadaye, na mtoto aliyekuwa anakula ugali huanza kushindwa hata uji.

Na hapa niunge mkono aliyoyasema ndugu wa Masasi. Marekani daktari mmoja wa koo, Chevalier Jackson, aliyechoshwa na kuwatibu watoto wa namna hiyo, alipigania miaka mingi kostiki iwekewe maandishi ya sumu, na sheria hiyo ilipatikana mwaka 1927. Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini sheria haiwezi kuingia ndani ya kabati la jikoni. Hatari ninayoiona mimi ni dawa kumiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ikawekwa chini ya sinki, mahali ambapo mtoto wa miaka miwili anafika na babu yake hafiki.

Jambo la mwisho: kabla hujagusa kitu chochote cha namna hii, hakikisha una ndoo kubwa ya lita 20 iliyojaa maji pembeni. Siku ambayo bomba halitoi maji si siku ya kushika kostiki.

MpangajiLigula

Nimesoma yote, na nimerudi kwa unyonge kidogo. Dada muuguzi, chupa uliyoieleza ndiyo iliyoko jikoni kwangu hivi sasa, ya maji ya kunywa, imebaki nusu, na nina mtoto wa miaka mitatu. Nimeipandisha juu ya kabati. Nifanye nini nayo? Niimwage kwenye karo? Na je, kwa miaka mitano hii nimeliharibu karo?

FundiMikindani

Usiimwage yote mara moja popote, ndugu yangu, wala usiichimbie, maana udongo wetu wa kichanga hupitisha maji upesi na huenda jirani yako ana kisima. Andika juu yake kwa kalamu nzito neno SUMU na jina la dawa, ifunge vizuri, iweke wima mahali penye kufuli, kisha uwaulize hao wa Mkemia Mkuu wa Serikali namna ya kuiondoa.

Karo linafanya kazi kwa vijidudu vinavyokula uchafu bila hewa. Nusu kikombe mara moja kwa mwaka katika karo lenye maelfu ya lita hakiviui vyote. Kila wiki mbili ni habari nyingine, kwani uchafu hausagiki, unajaa upesi, na utaliita gari la kunyonya maji taka mara nyingi kuliko ulivyozoea. Ukiacha, vijidudu vitarudi vyenyewe. Zipo pia dawa za vimeng'enya na bakteria zinazosaidia kula mafuta polepole kwa siku kadhaa. Hizo hazizibui palipoziba, ila huchelewesha kuziba. Na kwa hali yoyote usifunue karo ukaingia au ukainama ndani kuangalia. Gesi ya humo humwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayeingia kumwokoa huanguka juu yake.

Sinki lako likiziba tena, subiri kwanza siku mbili bila kumwaga dawa, likipitisha maji kidogo limwagie maji mengi ya baridi, vaa glavu na miwani, ndipo ufungue trapu.

MpangajiLigula

Nimefungua leo asubuhi, fundi. Glavu, miwani ya kuendeshea pikipiki, ndoo ya maji pembeni kama dada alivyoagiza. Kulikuwa na machicha yaliyoshikana na mafuta meupe kama mshumaa, na katikati yake kijiko cha chai cha plastiki, cha mtoto, ambacho mama yake alikitafuta tangu Idi. Dakika ishirini na tano, na maji sasa yanakwenda kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nihamie hapa. Ila nati moja inadondosha.

FundiMikindani

Ule mpira wa duara umekaa upande. Fungua, ugeuze sehemu yake nyembamba itazame chini, funga kwa mkono bila spana. Ukishindwa, nitapita Ijumaa baada ya swala, na safari hii nitaingiza mkono bila wasiwasi.